Mlango wa Wasioguna

Mji ule uliishi kwa watalii, na Bosi wa klabu alikuwa amesikia kwamba watalii wanapenda kucheza na vijana. Akabandika tangazo mlangoni: mwisho miaka arobaini, wateja kwa wafanyakazi. Kulibandika alihitaji miwani ya kusomea, lakini mwenye mali hana umri.

Kifua, mlinzi wa mlangoni, alilisoma mara mbili. Arobaini aliiaga zamani. Kilichomwokoa ni kipara, maana hakioti mvi, na ndevu alizopaka rangi mpaka mto wa kulalia ukawa mweusi. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye, mke, watoto na mama mkwe aliyekuja kusalimia akahamia.

Vitambulisho havikusaidia. Wageni waliacha pasipoti hotelini, wenyeji waliviacha popote palipowafaa. Ndipo Kifua akabuni kipimo: anaangusha funguo. "Samahani mkuu, niokotee." Ukiinuka kimya, karibu ndani. Ukiguna, "Pole mzee, jaribu mgahawa wa chai pale ng'ambo." Bosi alikipenda kipimo kile kama mtoto wake.

Jioni moja kabla ya kufungua, Bosi akiwa mlangoni anamsimulia wakala wa watalii sifa za kipimo, mama mkwe akatokea, mkoba kwapani.

"Mkwe wangu! Umesahau mkanda wako wa mgongo. Na dawa ya magoti hii hapa."

"Mama, hiyo si... ni ya rafiki yangu."

"Rafiki gani? Jana si wewe niliyekukanda ukilia kama kichanga?"

Bosi akazichukua funguo, akaziangusha. "Kifua. Okota."

Kushuka kulikwenda vizuri. Kupanda, Kifua akabana meno, akabana pumzi, akabana kila kinachobanika. Mgongo ukalia wenyewe, kah! Funguo zikamponyoka.

"Aah, mama yangu!"

"Si niko hapa?" Mama mkwe akainama, akaziokota, akainuka, hata bangili hazikulia. "Kwani mnacheza mchezo gani, wanangu?"

Wakala akamtazama Bosi. Bosi akatazama tangazo, akajikohoza. "Kipimo ni kipimo," akasema.

Siku hizi mama mkwe ndiye anayekaa mlangoni na funguo. "Wewe umesoma na binti yangu darasa moja, nenda kalale!" Nyumbani wanakula kama kawaida. Kifua humpelekea chai jioni, na kikombe hukiweka juu ya ukuta, kamwe si chini.