Bawa la Rubani

Siku ile mjinga alikuwa Rubani mwenyewe, na hata leo hakatai. Anachokataa ni kukumbushwa mbele ya madereva wenzake. Hao ndio waliompa jina hilo, kwa ajili ya lile bawa jeusi alilolifunga nyuma ya gari lake, limesimama juu ya buti kama benchi la wageni.

Shemeji yake, fundi bodi, aliegemeza baiskeli ukutani, akalizunguka gari, akatikisa kichwa. "Shem, hili litoke. Linazuia upepo, gari linakunywa mafuta bure."

Rubani akamtazama kwa jicho la pembeni. Bawa likitoka, na jina linatoka. Halafu mbona amelipapasa mara tatu? Mbona amelipima kwa futi? Mtu hapimi asichokitaka. Kikulacho ki nguoni mwako, na shemeji je, si yumo ndani kabisa?

"Kama huamini, tuulize upepo," fundi alisema, akabandika vipande vya uzi mwekundu kwa utepe, kuanzia paani mpaka kwenye buti. "Dada ataendesha, sisi tufuate na pikipiki ya gereji."

Huo uzi nao ukamtia Rubani wasiwasi: huenda umetegwa. Fundi alipokwenda kuwasha pikipiki, akabandua nyuzi zote za nyuma ya bawa, akafumua mkono wa sweta lake na kubandika za kwake.

Barabarani mkewe akakanyaga mafuta. Nyuzi za paani zikalala kama nywele zilizochanwa. Za nyuma ya bawa zilipigana ngumi. Nyingine zikageukia mbele, kama zimesahau kitu nyumbani.

"Umeona?" fundi alipiga kelele. Kisha akakaza macho. "Shem, zangu nyekundu. Hizo za bluu zimetoka wapi?"

Rubani, amepakiwa nyuma, akaficha mkono wa sweta uliobaki nusu.

Waliporudi gereji fundi akashika spana. Hapo Rubani akalipuka. "Sema kweli mbele ya dada yako! Bawa unalitaka wewe, ukalifunge kwako!"

Mkewe akashuka, akafunga mlango taratibu, akautazama ukuta.

"Baba watoto, mdogo wangu ana baiskeli. Alifunge wapi, kwenye kengele?"