Ulanzi Ambao Filemoni Hakuunywa

Mume wangu Filemoni hakuwahi kuonja ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Alikulia Mahongole, ambako masika mianzi inagemwa kila pembe na hata mtoto anajua utamu wake, lakini yeye alikuwa Mlutheri wa chai na maji. Jambo hilo mlikumbuke, maana ndilo walilomwibia.

Enzi za Waingereza alifanya kazi kiwandani Makambako. Alipasua magunia ya asbesto, akakoroga unga wake na maji kwa mikono, akakandika mabomba ya mvuke ili joto lisipotee. Unga ule ukikauka unapeperuka. Mzungu msimamizi alijifunga leso puani akasimama mlangoni. Filemoni na wenzake walijifunga nini? Mashati yake niliyakung'uta mimi uani, nikimtania kwamba ameanza kuota mvi kabla ya baba yake.

Baada ya miaka akashikwa na kikohozi kikavu. Akakonda, akawa hawezi kuvuka ua bila kukaa chini. Mganga wa zahanati ya kiwanda hakumgusa hata kifua. Alisema ni pombe. Nyapara wao, Methusela, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa letu, alilibeba neno hilo hadi barazani kwa wazee wenzake, nao wakalimeza bila kutafuna. Mtu anakohoa, amekonda, macho mekundu: mlevi huyo. Wakamfungia Meza ya Bwana.

Mimi niliwaka. Filemoni hakuwaka, alitaka kitu kimoja tu, ashiriki kabla hajafa. Nilikwenda kwa mchungaji nikamwapia kwamba mume wangu hanywi. Akanijibu kwa upole kwamba mlango uko wazi, atubu tu kama wengine.

Mchungaji na wazee wakaja nyumbani na mkate na divai. Methusela akamwuliza mgonjwa kama anatubu ulevi wake. Filemoni alinitazama, akatafuta pumzi, akaikosa, akaitafuta tena.

"Natubu," akasema. "Nilikunywa."

Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumsikia akisema uongo mwingine. Walimlazimisha mtu mwaminifu adanganye ili apewe kipande cha mkate, kisha wakaimba.

Tulipomzika, Methusela alisimama kando ya kaburi kuwaonya vijana. Tazameni mwisho wa ulanzi, alisema, ila Mungu humpokea hata mlevi. Uvumilivu ukaniisha. Nilipita mbele yake, nikapaza sauti iwafikie wenzake wa mabomba waliosimama nyuma kabisa.

"Hakunywa. Kilichomuua ni unga wa magunia yale, na Methusela alikuwapo yakipasuliwa. Ninyi mnaokandika mabomba, semeni. Nani kati yenu hakohoi?"

Niliwageukia wale wa nyuma. Walikuwa wamebana kofia zao midomoni, mabega yakitikisika, machozi yakiwatoka, wanazuia kikohozi ili Methusela asije akawaita walevi.