Mteja Wangu wa Darajani

Gédéon ni mkaidi. Nalisema mapema ili msije mkamhurumia mbele ya safari. Alikuwa kinyozi hapa Mulongwe, mjini Uvira, kibanda chake kikitazamana na cherehani yangu, na kwa miaka mingi kazi yake ya kweli ilikuwa kunipinga. Nywele za watu alizikata ili apate pa kusimama.

Sote wawili tulipenda filamu, lakini si kwa ngumi wala kwa mabusu. Tulipenda muziki wake, ule unaopita chini ya maneno bila mtu kuutazama. Kila mwaka Wamarekani walipotoa ile tuzo yao kubwa ya muziki wa filamu, sisi tulifungua kesi. Mshtakiwa alikuwa muziki ulioshinda, na kosa lake lilikuwa lilelile kila mwaka: kushinda bila kustahili. Gédéon alikuwa procureur, mwendesha mashtaka. Mimi, Evariste, fundi wa nguo, nilikuwa avocat, wakili wa utetezi, na ndiyo maana hadi leo ananiita Maître, kama mawakili wa Kifaransa wanavyoitwa. Majaji walikuwa wateja wanaongoja kunyolewa, wapende wasipende.

Mahakama yetu ilikuwa na sheria moja. Umeme wa Mulongwe huja unapotaka, kwa hiyo hatukuruhusu mtu kucheza muziki wowote mbele ya majaji. Ushahidi uliletwa kwa mdomo. Ukitaka kuutetea wimbo, uimbe mwenyewe. Hapo Gédéon alinizidi, maana alikuwa mwimbaji wa kwaya parokiani. Mimi nikiimba, mke wangu Marie alikuwa akiwaomba radhi majirani.

Kesi nyingine zote ziliisha siku ileile. Moja tu haikuisha, nayo ni ya filamu tuliyoiita Papa Daraja. Ni habari ya mzee anayelinda daraja la reli huko kwao Ulaya, akimngoja binti yake aliyeondoka kwa ugomvi. Muziki wake ulipewa tuzo. Gédéon akasema tuzo ile iliibwa. Mimi nikasema kama kuna muziki mmoja duniani uliostahili, ni ule, na sababu yangu ilikuwa sehemu moja fupi. Treni inapita bila kusimama, binti hayumo, mzee anabaki amesimama darajani na kofia yake mkononi. Hakuna anayesema neno. Ndipo sauti ya mwanamke inaanza kuimba mdomo ukiwa umefumbwa, chini chini, inapanda kidogo, halafu inakatika kabla ya kufika mwisho. Nyuma yake kuna mlio mwepesi, shaa, shaa. Niliwaeleza majaji kwamba ule ni mlio wa brashi juu ya ngozi ya ngoma, na kwamba mtunzi ametumia brashi ili tuusikie upepo wa darajani. Hoja hiyo niliionea fahari sana.

"Mwanamuke gani, Maître?" Gédéon aliuliza kila mara, wembe ukiwa shingoni mwa mtu. "Mule hamuna mwanamuke. Kuko violons tu, tena mingi kupita kiasi."

Nilidhani anakana kama maprocureur wanavyokana. Yeye alidhani koo langu limeziharibu violons, vile vinanda vya nyuzi vya watu. Gédéon, lazima mjue, aliiona filamu ile kwa Kifaransa, kwa kuwa alitaka tujue kwamba anajua Kifaransa. Mimi niliiangalia katika CD iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, zile ambazo mtafsiri anazungumza juu ya filamu toka mwanzo hadi mwisho. Hakuna kati yetu aliyewahi kulifikiria jambo hilo.

Marie ndiye aliyeuchukua ule wimbo akaufanya wake. Aliuimba akichochea mbabula ya makaa, akikunja nguo, akiwa na furaha na akiwa na hasira. Akifika pale sauti inapokatika, naye anakata, ananitazama. Mimi, nisiyejua kuimba, namalizia kwa kugonga meza na mkasi mara moja. Basi anaendelea na kazi yake. Hatukukubaliana kufanya hivyo, ilikuja tu, ikakaa.

Marie alikufa kwa homa. Msimu wa mvua uliofuata mto Mulongwe ulipanda, ukachukua kibanda cha Gédéon chote na kwangu ukachukua televisheni na mashine ya CD. Gédéon akaenda kukaa Bujumbura kwa binti yake Divine. Si mbali. Jioni nikishuka ufukweni mwa ziwa naziona taa za Bujumbura ng'ambo ya maji, na huwa nachagua moja nasema ile ni ya Gédéon. Lakini mpaka wa nchi ukifungwa, ni mbali kama Ulaya. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mtu mmoja hafanyi kesi. Nasema wazi: niko peke yangu, na sipendi.

Mahakama ikahamia kwenye simu. Tulikuwa watatu katika kundi: Gédéon, Divine na mimi. Mwaka huu, baada ya kumaliza kumhukumu mshindi mpya, niliomba kesi ya Papa Daraja ifunguliwe tena. Niliimba kwenye simu, kwa kufuata sheria, nikatuma. Siku mbili nzima hakujibu mtu. Halafu ikaja sauti ya Divine.

"Jambo, Papa Evariste. Nilitafuta ile film, tuliiangalia yote na papa. Pale kwa daraja hakuna mutu anaimba. Kuko violons tu. Nakutumia ile sehemu, usikilize weye mwenyewe."

Nyuma yake ikaja ya Gédéon. "Maître, mteja wako haiko mule. Hata siku moja hakukuwa mule. Miaka yote unatetea mutu haiko." Alicheka mpaka akakohoa, na ujumbe ukaishia kwenye kikohozi.

Niliisikiliza. Vilikuwa vinanda, vingi, vimeshiba. Mwanamke hakuwamo.

Kushindwa kesi kungeniuma, lakini ningepona. Kilichonitisha ni kingine. Kama mwanamke yule hayumo katika filamu, Marie alikuwa akiimba nini? Labda nilisikia vibaya, nikamfundisha mke wangu kosa langu, naye akanivumilia. Labda kati yetu hakukuwa na wimbo, palikuwa na mwanamume asiyesikia vizuri na mke mwenye subira. Mtu aliyeweza kunijibu amelala makaburini. Nilijitoa kwenye kundi kwa hasira. Kundi la watu watatu, ukitoka mmoja umemwacha baba na bintiye wanaokaa nyumba moja, na bado nilijitoa.

CD ya Papa Daraja ilikuwa imeokoka na mafuriko, kwa sababu Marie alikuwa ameiweka juu kabisa ndani ya sufuria asiyoitumia. Asubuhi yake niliipeleka kwa Zaina, anayeuza vitambaa barabarani na kuniletea kazi za kushona. Dukani kwake kuna televisheni na mashine ya CD.

"Papa Evariste, unakuya kuangalia film asubui yote hii?" aliniuliza.

"Ni kesi," nikamwambia.

"Basi ingia. Kesi haingojeake."

Ilianza kwa sauti ya mtafsiri, kubwa, imejaa majivuno: "Karibuni bandugu, ni minye Franck, Franck wa Kiringye, nitabasemea yote." Franck akasema, akasema, mpaka tukafika darajani. Pale hakuna maneno ya kutafsiri, kwa hiyo akanyamaza. Treni ikapita. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza ya Zaina kwa mikono miwili.

Mwanamke akaimba.

Alikuwamo. Sikuwa nimemzua. Nilitaka kumwambia mtu, na mtu aliyekuwa karibu alikuwa Zaina, anapima kitambaa akinipa mgongo. Kabla sijafungua mdomo, akauliza bila kugeuka: "Sasa nani anachagua muchele ndani ya film?"

Nikamwomba turudishe nyuma. Shaa, shaa. Ulikuwa ungo. Mchele unarushwa, unapokewa. Nilitega sikio vizuri zaidi, na mbali kabisa chini yake nikavisikia vinanda vya Gédéon, kama redio ya nyumba ya tatu. Hapo nikaelewa. Franck alipunguza sauti ya filamu ili sauti yake isikike. Alipokosa la kusema alikaa kimya, lakini mikro yake ya kunasia sauti haikukaa kimya, ikachukua kilichokuwa ndani ya nyumba yao: mwanamke anapepeta mchele huku akiimba. Brashi na upepo wa darajani nilivitoa kichwani mwangu. Nilikaa nikacheka peke yangu, na Zaina akanitazama kwa wasiwasi.

Niliinasa sehemu ile kwa simu, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda Kiringye kwao Franck. Ni safari ya vumbi, na mgongo wangu si wa jana. Sikujua nitasema nini nikifika. Nilijua tu kwamba duniani kote kuna mtu mmoja aliyebaki anayeujua wimbo wa Marie mbali na mimi, na nilitaka kukaa naye dakika kidogo.

Kiringye waliniambia Franck alikwenda Lubumbashi zamani, hapigi simu. Mama yake yupo, anaitwa Nkeshimana, nyumba ile baada ya mashamba ya mpunga. Sikuhitaji kuulizia tena. Nilipokaribia ua niliusikia ungo kabla ya kumwona aliyeushika.

Alikuwa ameketi kivulini mwa paa, mwanamke mrefu, macho yamepungua nguvu. Alinipa kiti kabla ya kuniuliza jina. Nikamwambia natoka Uvira, nilipenda filamu za mwanawe.

"Franck," alisema. "Alikuwa anasema siku mzima na ile mashine. Ananiambia, mama, usisemeshe mutu, minye iko kazini. Basi sikusemesha mutu."

Nikatoa simu, nikamwomba asikilize. Aliibana sikioni kwa mikono miwili na kufumba macho. Mimi nilimtazama uso, nikingoja ajitambue. Ilipoisha akaniomba niirudie. Nikairudia.

"Huyu mwanamuke iko peke yake," alisema.

"Umejua namna gani, mama?"

"Sikiliza vile anaimba. Anafika katikati, anaacha. Anangojea kama kuko mutu wa kumujibu. Hakuna." Akanirudishia simu. "Ni nani huyu masikini?"

"Ni weye, Mama Franck."

Alikataa. Alikataa kwa kichwa na kwa mkono. Wimbo ule haujui, alisema, na sauti yake haiko vile. Nikaucheza mara ya tatu, na safari hii nikamwambia asikilize cha nyuma. Aliinua kidole. Shaa, shaa. Akautazama ungo uliokuwa magotini pake, kisha akanitazama mimi.

"Ule ni ungo yangu," alisema polepole. "Ule wa zamani, uliharibika. Ulikuwa na sauti yake."

Kuku alikuja akadonoa mchele ulioanguka, na hakuna aliyemfukuza. Nilikuwa nimetoka Uvira nikidhani nakwenda kuonana na mwenzangu katika wimbo, na mwenye wimbo hakuukumbuka hata kidogo. Sasa kweli nilibaki mimi tu. Iliniuma, nikaona aibu kuumia mbele ya mtu aliyeumia zaidi yangu. Nikasema lolote lililokuja mdomoni.

"Film ile ilipewa prix, mama. Prix ya muziki, kule Amerika."

"Kweli?" Alifikiri kidogo. "Na nani alienda kuipokea?"

Gédéon angeona mwanya hapo. Angesema tuzo ilikuwa ya vinanda, na kisheria angekuwa na haki. Lakini Gédéon hakuwapo, na mimi ndiye niliyekuwa avocat wa mwanamke huyu toka zamani bila kumjua.

"Minye na bibi yangu Marie," nikamjibu. "Tuliipokea kule Mulongwe, kwa nyumba."

"Akasema nini, bibi yako?"

"Aliuimba. Kila siku. Akifika pale unaachaka, naye anaacha, ananiangalia. Minye namujibu na mukasi, kwa meza. Mara moja tu."

Nkeshimana hakusema asante, wala hakulia. Aliuliza kama Marie bado yupo, nikamwambia hayupo, akaitikia kwa koo. Kisha akauvuta ungo, akaanza tena kazi yake, maana mchele ulikuwa wa chakula cha jioni na jua lilikuwa limeshageuka. Shaa, shaa. Baada ya muda akaanza kuimba, mdomo umefumbwa. Haukuwa wimbo ule, ulikuwa mwingine ambao sijawahi kuusikia. Ulipanda kidogo, ukakatika njiani.

Kwa mazoea nilingoja Marie anitazame. Halafu nikagonga mguu wa kiti kwa kidole, mara moja.