Hina ya Mwaka wa Sita

Jumatatu saa moja asubuhi Raudha alikuwa uani kwao Buguruni, anasugua sufuria la wali kwa makumbi na majivu. Masizi yalitoka, ukoko ukatoka, hina haikutoka. Ilikuwa hina ya harusi yake, ya mwaka themanini na tano, na sasa ilikuwa tisini na moja. Maua yalianzia kwenye kucha, yakapanda mpaka viwikoni, mekundu kama yaliyopakwa jana.

Hina ya watu wengine hutoka baada ya wiki tatu. Yake haikutoka kwa sababu watu walikuwa wanaitia rangi. Kila aliyemuuliza "Vipi, bado?" alikoleza ua moja. Mawifi wakija sikukuu, linaota jipya. Wanawake wa nyumba ile wote waliitwa kwa majina ya watoto wao. Raudha peke yake bado aliitwa Bi Harusi.

Kliniki, nesi Benedicta aliitazama ile mikono, akaandika kwenye kadi: hina, mpaka kiwikoni. Kisha akasema, "Punguza mawazo, dada," kama anayemwambia mtu apunguze chumvi. "Na mwezi ujao uje na mume."

Raudha alijaribu kuyapunguza. Alisuka ukili, alilala mchana. Tarehe ilipofika akaona damu, akakaa chooni mpaka wapangaji wakagonga mlango.

Khalfani, mumewe, alikuwa fundi cherehani barazani. Tangu mitumba ijae, watu hawakuleta tena vitambaa, walileta suruali za kukata urefu.

"Mie nikapimwe nini?" alisema, mguu hautoki kwenye cherehani. "Mie mzima. Gunia la mchele nabeba peke yangu."

Basi Jumatatu ile jirani yao Anjelina, mwenye watoto wanne, akaja kuteka maji. "Bi Harusi, vipi, bado?"

Raudha hakuinua kichwa. "Hilo swali la watu wawili, dada Anjelina. Mie nimelijibu miaka sita. Kamuulize na Khalfani."

Anjelina akaona ni haki. Akatua ndoo, akaenda barazani. "Fundi, mkeo kasema na wewe uulizwe. Vipi, bado?"

Khalfani alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Kabla hajajibu, ua dogo jekundu likamtoka kwenye kidole gumba.

Habari zilifika gengeni kabla ya adhuhuri. Waliokuwa wakipitiliza mpaka uani kumuuliza Raudha wakawa wanaishia barazani, maana ndiko karibu. Jumatano maua yalikuwa yamejaa viganjani. Khalfani alisugua kwa ndimu, akasugua kwa mafuta ya taa. Ijumaa yalikuwa kiwikoni, na msikitini wenzake walimsogelea kumpa mkono.

"Bwana harusi huyo! Vipi, bado?"

Mteja mmoja alileta suruali nyeupe. Aliomba tu fundi asije akamwachia rangi kwenye pindo.

Hina ya Raudha ilikuwa inarudi chini. Jumamosi iliishia vifundoni mwa mikono, na mchana ule akala sahani nzima ya wali na samaki. Khalfani hakula. Alikuwa anazungusha tonge kwenye sahani.

"Hivi wewe umeishije na kitu hiki?"

"Navaa mikono mirefu."

"Siulizi mikono. Hiki cha hapa." Akajigusa kifuani.

"Hicho sijakipatia nguo. Wewe si ndiye fundi?"

Khalfani akasukuma sahani kando. "Mie siku sita tu nimechoka," alisema. "Jumatatu twende wote."

Kadi ya kliniki ilikuwa na nafasi ya jina la mama tu. Majibu ya Khalfani Benedicta aliyaandika nyuma, kwa penseli. Daktari alisema mbegu zipo, ila ni chache na zinakwenda polepole. Atumie vidonge miezi mitatu, aache sigara, apimwe tena.

"Zipo," Khalfani alisema njiani.

"Nimesikia."

"Chache, lakini kasema zipo. Polepole, lakini zinakwenda."

Raudha alicheka mpaka akashika ukuta wa duka la watu. Alikuwa hajacheka hivyo tangu hata hakumbuki lini.

Jumapili Bi Hija, mama yake Khalfani, alikuja kutoka Temeke na chupa ya dawa ya mizizi ya Raudha, kama kila anapokuja, imefungwa kwenye kanga.

"Shikamoo, mama," Raudha alisema.

"Marahaba, mwanangu." Bi Hija aliitazama mikono ya mwanawe. "Hina imekukaa vizuri, baba. Weupe wa babako huo."

Khalfani akamweleza yote, mbegu, vidonge, miezi mitatu. Bi Hija alisikiliza mpaka mwisho, hakumkata kauli. Kisha akampa Raudha chupa.

"Asubuhi na jioni, mkwe wangu. Usiruke hata siku moja."

"Mama, si nimesema tatizo liko kwangu?"

"Nimekusikia, baba. Wewe huna neno. Anywe."

Khalfani akaingia ndani, akatoka na vikombe viwili. Alimimina nusu kwa nusu, akainua chake, akakimaliza kwa pumzi moja. Machozi yakamtoka.

"Hee! Ndiyo chungu hivi?"

"Ya leo ina nafuu," Raudha alisema, akanywa yake.