Bado Zambarau

Uongo wa kwanza ulimtoka Mama Nyuzi siku ya Jumanne, saa kumi na moja jioni, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha la sebule ya mkwe wake. Ulikuwa neno moja tu. Mkwe wake alimwuliza, "Vipi, mama?" naye akakiinua kichupa kwenye mwanga, akaona wazi kabisa kwamba maji yaliyomo yamekuwa samawati, kisha akasema, "Bado."

Tusimwonee, maana mwongo hakuwa. Miaka thelathini na minane alifanya kazi kwenye karakana ya kushona nguo, na kazi yake ilikuwa moja: kuchagua uzi unaooana na kitambaa. Ukimpelekea kitambaa cheusi alikuuliza, cheusi kipi, kwa sababu yeye alivijua vyeusi saba. Ndiko alikopatia jina la Mama Nyuzi. Wenye vyerehani walisema uzi aliouchagua yeye ukishashonwa huuoni tena, hata uutafute kwa tochi. Mtu wa namna hiyo kudanganya rangi si jambo dogo, na yeye alilijua hilo wakati neno likimtoka.

Miezi mitano nyuma alianguka akavunjika mguu, binti yake akamchukua kwake "mpaka upone." Mguu ukapona. Hakuna aliyemwambia aondoke, na hakuna aliyemwambia abaki, na hapo ndipo penye kazi, maana mtu mzima akikaa kwa mkwe bila kauli, kila kikombe cha chai anakinywa huku akijiuliza kama ni cha mwisho. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye miezi mitano mizima hakupewa hata kijiko cha kukorogea. Akishika ufagio, binti yake anaunyang'anya: "Mama, pumzika." Akisogelea vyombo: "Mama, pumzika bwana." Akapumzika mpaka akachoka. Uchovu wa kazi dawa yake ni kulala. Uchovu wa kupumzika unalala nao na unaamka nao.

Jembe lake lilipokuja, lilikuja na maji ya chumvi.

Mkwe wake alikuwa fundi bomba, na nyumbani pia wote walimwita Fundi. Mtu mrefu, mpole, ambaye hajapata kuketi kabla mama mkwe wake hajaketi. Siku moja aliingiza sebuleni tangi la kioo la lita mia mbili, akatangaza kwamba anataka kufuga samaki wa baharini na matumbawe hai, yale yanayokaa juu ya mawe na kuyumbayumba majini. Mkewe akashika kiuno. "Kutwa nzima unahangaika na maji ya watu, halafu unakuja kuniletea mengine?" Lakini alikuwa nesi, anaondoka adhuhuri na kurudi majirani wamekwisha kulala, na nguvu za kubishana hakuwa nazo. Tangi likabaki.

Anayedhani unamimina maji, unatia samaki, basi, huyo hajawahi kumwua samaki. Fundi alimweleza mama mkwe wake jambo hilo kwa vidole. Maji mapya yanaweza kung'aa na bado yakaua. Samaki ananya, chakula kinaoza, na ule uozo ni sumu. Lazima kwanza wazaliwe vijidudu wasioonekana, ndani ya mawe na mchanga, waile sumu hiyo. Nao wakiila wanaacha sumu nyingine, kwa hiyo lazima waje vijidudu wa pili, waile hiyo ya pili. Wewe kazi yako ni kutupia kipande cha samaki mfu kioze, halafu kungoja. Wiki nne, sita, hata nane. Hakuna wa kumhonga ili mambo yaende haraka.

Unajuaje kwamba maji yameiva? Kila siku unachota kidogo kwenye kichupa, unatia matone ya dawa, unangoja dakika tano, unalinganisha na kadi ya rangi. Kichupa cha kwanza kikiwa kijani kuna sumu, kikiwa njano hakuna. Cha pili kikiwa zambarau kuna sumu, kikiwa samawati hakuna.

Jioni ya kwanza Fundi alikaa na kichupa mkono huu na kadi mkono huu, akivigeuzageuza mpaka jasho likamtoka.

"Baba," Mama Nyuzi alimwambia kutoka kitini kwake, "mbona unakitazama kama barua ya mahakama?"

Fundi akacheka kwa aibu. "Mama, nikwambie kitu usimwambie mtu? Mimi hizi rangi sizioni. Kijani, njano, zambarau, kwangu mimi ni uji mtupu. Hata kazini hawajui."

"Na mkeo?"

"Anajua navaa soksi zisizofanana. Anadhani ni ushamba."

"Lete hapa," akasema Mama Nyuzi. "Siyo hapo chini ya taa, taa ina fitina. Lete dirishani."

Tangu siku hiyo, kila saa kumi na moja Fundi alirudi mbio kutoka kazini, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akachota maji, akatia matone, wakangoja. Katika zile dakika tano walizungumza. Fundi alisimulia vitu alivyovitoa kwenye mabomba ya watu, meno ya bandia, simu, mara moja pete ya ndoa ambayo mwenyewe aliomba irudishwe hukohuko. Mama Nyuzi alisimulia karakana. Kisha aliinua kichupa, akatamka rangi, na Fundi akaiandika kwenye daftari. Mama mtu mzima akaanza kuoga saa tisa na kufuta miwani mara tatu kabla mlango haujagongwa.

Wiki ya tatu kichupa cha kwanza kikawa njano. Fundi alipiga makofi. Akazirudisha dawa zake ndani ya kiboksi, akakiweka kiboksi juu kabisa ya kabati, karibu na dari, akasema, "Hiki tumemaliza nacho, mama. Kimebaki kimoja tu."

Alisema kwa furaha, maskini, hakuwa na neno baya moyoni. Lakini Mama Nyuzi alikaa siku nzima iliyofuata akikitazama kile kiboksi juu ya kabati, na akaogopa. Aliogopa kama hakuwahi kuogopa hata siku ile ya mguu. Kimebaki kimoja tu, halafu yeye pia atawekwa kando kama kile kiboksi.

Ndipo kikaja kichupa cha Jumanne, samawati tupu, na lile neno lake. Jumatano akasema, "Bado zambarau." Alhamisi hivyohivyo.

Na uongo haukai bure. Fundi aliposikia sumu haipungui, aliamua kubadilisha maji. Maji ya bombani hayafai, lazima yaliyochujwa, na duka la kuyauza lilikuwa mtaa wa pili. Lifti ya jengo ilikuwa imekufa tangu mwaka juzi. Fundi alipandisha madumu ya lita ishirini hadi ghorofa ya tatu, mawili mawili, baada ya kutwa ya kulala chini ya sinki za watu. Akakoroga chumvi, akapima, akakoroga tena. Wiki ya pili bega lake la kulia liligoma, akawa anabeba kwa la kushoto. Mkewe akamkuta asubuhi moja amelala mezani, shavu kwenye daftari, akasema, "Hilo tangi litakuzika."

Mama Nyuzi alikuwa anaona yote. Angeweza kusema tu, "Leo imekuwa samawati," na hakuna ambaye angejua lolote. Kila siku alikuja nalo neno hilo mdomoni. Halafu Fundi anaketi mbele yake, anajinyoosha mgongo, anaanza, "Leo mama, huwezi kuamini nimekuta nini kwenye bomba la mwalimu mkuu," na neno linarudi lilikotoka. Alijichukia. Alichoka kwa kujichukia, na bado kesho yake akawa wa kwanza kutazama saa.

Alhamisi moja Fundi hakusimulia kitu. Alikaa tu, mikono magotini.

"Mama, nimefika mwisho. Ikifika Jumamosi bado zambarau, tangi nampa mtu."

Hapo Mama Nyuzi akaapa moyoni: kesho, potelea mbali, kesho ni samawati.

Lakini kesho yake Fundi hakurudi peke yake. Alikuja na muuza samaki, mama mnene aliyefika mlangoni akihema na kuzilaani ngazi, mkoba begani, lenzi ya kukuzia ikining'inia shingoni. Hakungoja hata kukaribishwa kiti. Alichota maji, akatia matone ya dawa yake mwenyewe, akaenda dirishani, palepale, akangoja.

"Sumu iko wapi?" akauliza muuza samaki. "Hii si samawati hii? Haya maji yameiva, baba. Na si ya leo." Akainama kwenye kioo na lenzi yake. "Ona vidudu hivi vinavyotambaa. Hivi havitoki kwenye maji machanga. Hapa pana wiki mbili au zaidi tangu pawe tayari. Nani anayewasomea rangi humu ndani?"

Mama Nyuzi alifungua mdomo ajibu.

"Mimi," akasema Fundi. "Rangi sizioni, nimezaliwa hivyo. Nilikuwa nakisia."

Muuza samaki alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwanamume mzima! Unapandisha maji ghorofa ya tatu kwa kukisia! Hii lazima niwasimulie wenzangu dukani." Fundi naye akacheka, kicheko cha kumsindikiza mgeni, akampa mkoba wake, akamfikisha mpaka ngazini. Alichokificha maisha yake yote sasa kilikuwa kinashuka ngazi na mtu asiyejua kunyamaza.

Aliporudi alimkuta Mama Nyuzi amesimama katikati ya sebule.

"Kaa, baba."

"Kaa wewe kwanza, mama."

"Nimesema kaa."

Akakaa, yeye amesimama. Haikuwahi kutokea.

"Unajua kwamba mimi nilikuwa naona," akasema Mama Nyuzi.

"Najua. Wewe hukosei rangi."

"Sasa umejitia aibu ya nini?"

Fundi alisugua bega. "Madumu ishirini na mawili, mama," akasema, bila ukali wowote, na ni afadhali angefoka. "Nilikuwa nahesabu. Ngazi hamsini na nne kila safari. Nikadhani nakosea chumvi. Nikadhani nina mkosi. Kwa nini?"

Akamwambia. Hakuzunguka. "Niliogopa. Ukimaliza kupima, mimi humu ndani ni nani? Miezi mitano nalishwa na kuambiwa pumzika. Saa kumi na moja ndiyo saa pekee ambayo mtu anafungua ule mlango akinitafuta mimi. Niliona inakwisha, nikaing'ang'ania. Nikakutesa wewe, usiye na kosa." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nisamehe, baba."

Pampu ya tangi ilinguruma.

"Nani alikwambia kupima kunakwisha?" akauliza Fundi. "Hivyo viwili ni vya kuanzia tu. Matumbawe yakiingia kuna vipimo vingine vinne, vyote vya rangi, kila wiki. Sio mwezi, mama. Miaka, kama yataishi."

"Miaka?"

"Utatamani hilo pumziko." Akavuta pumzi. "Tangi hili nilipewa na mteja aliyehama, likakaa stoo miaka mitatu nikiwekea misumari. Ningelianzishaje? Ningesoma kwa macho gani? Halafu ukaja wewe. Siku ya pili tu, uko na plasta mguuni, ukaniambia kifungo cha shati langu kimeshonewa uzi wa rangi nyingine. Nilikitazama kile kifungo nusu saa, sikuona kitu. Wiki hiyohiyo nikamwaga misumari. Ile jioni ya kwanza nimekaa na kichupa natokwa jasho, nilikuwa nangoja uniulize. Mimi nani nimtume mama mkwe?"

Mama Nyuzi aliketi.

"Lakini nimekasirika," akasema Fundi.

"Kasirika."

"Na kesho nitakuwa bado nimekasirika."

"Ni haki yako, baba. Mkeo tutamwambiaje?"

"Huyo tusimwambie. Atatutimua wote wawili, na ataanza na mimi."

Wakacheka kidogo, cheko la watu wawili waliochoka, likaisha upesi. Fundi akainuka, akalisogelea tangi. Ndani hamkuwa na kitu cha kuonyesha mtu, mawe, mchanga na maji.

"Kesho nitaleta samaki wawili," akasema.

"Mmoja."

Akageuka.

"Lete mmoja," akasema Mama Nyuzi. "Vijidudu vyako vimezoea kipande cha nyama, havijazoea mtu mzima. Ukileta wawili utavilemea. Huyo mmoja akizoea, na maji yakistahimili, ndipo wa pili."

"Nitajuaje kwamba yamestahimili?"

"Nitakwambia mimi."

Maneno yalipokwisha kumtoka ndipo alipoyasikia. Akainamisha kichwa. Fundi alisimama pale, mkono begani, akimtazama mama aliyemdanganya siku kumi na saba mfululizo.

"Haya, mama," akasema. "Nitakuuliza wewe."