Vidole vya Katekista

Ziwa lilipopanda na kumeza nyumba za chini kule Bukima, shirika lilileta unga, na pamoja na unga likaleta mashine ya vidole, yenye orodha ya kaya zilizoandikishwa. Asiyetambuliwa na mashine hapewi. Wankyo, mjane anayelea wajukuu wanne, aliweka vidole vyote na mashine haikuona mtu. Kutandaza dagaa mchangani miaka nenda rudi kulikuwa kumefuta mistari yote.

"Mama, humu haupo," alisema Brian, kijana wa shirika.

"Na hii njaa ni ya nani?"

Brian akaita mwingine.

Katekista Alfonce, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, hakupenda kupitwa na nafasi ya kuomba. Akamshika Wankyo mikono mbele ya watu. Tangu aanze masomo ya dini ya jioni, sala zake zilikuwa zimerefuka. Alimwomba Mungu ampe mama huyu alama za vidole, kisha, alipochungulia na kuona wote wamefumba macho, akaongeza: "Hata ikibidi kuchukua zangu, Bwana."

Ilikuwa namna ya kusema tu. Alidhani Mungu, kwa uzoefu wake, angeelewa.

Mistari ilihama kabla ya Amina. Alfonce aliisikia ikitoka mmoja mmoja, kama sisimizi.

Wankyo alirudi kwenye mashine. Ikalia vizuri.

"Mzee Alfonce, kaya ya watu wawili," alisoma Brian. "Chukua mfuko mmoja, mzee."

"Asante, mwanangu," alisema Wankyo, akajitwisha.

Alfonce akaweka vyake. Vilikuwa laini kama mgongo wa kijiko.

"Haupo, mwalimu."

"Brian! Si nilikuwaga nakufundisha Komunyo ya kwanza?"

"Mimi nakujua. Mashine ndiyo haikujui."

Nyumbani, mkewe Getruda alivigeuza vile vidole, akavirudisha. "Wenzako wanaombaga mvua," alisema.

Jioni Wankyo alileta bakuli la unga. "Umetoka kwa Mzee Alfonce," alieleza, bila utani. Usiku Alfonce alipiga magoti kuomba vidole virudi. Akawakumbuka wale watoto wanne wanaogawana mfuko wa watu wawili, akaiacha sala hiyo katikati. Akashukuru kwa chakula, akalala.

Mwezi uliofuata shirika lilitangaza kwamba Bukima yote imekwisha kutambuliwa. Wankyo hakuwemo kwenye orodha.

"Mzee Alfonce!" aliita Brian.

Alfonce akafungua mdomo.

"Nipo," alisema Wankyo, akasogea mbele.