Komwe za Mzee Kasiani

Siku Eseza alipoweza tena kusimama jikoni bila gongo, jambo la kwanza alilotaka kufanya lilikuwa kumpikia Damian.

Damian hakuwa mwanawe wa kumzaa. Alikuwa mpangaji wake, kijana wa Pangani, mwosha vyombo katika hoteli moja mjini, mwenye hasira za kuchemka upesi kama maziwa. Katika jengo lao pale Hallonbergen, huko kwa Waswidi, alikuwa amekwisha kugombana na kila jirani aliyethubutu kumchukulia zamu ya kufua katika chumba cha pamoja. Lakini Eseza alipoteleza kwenye barafu Januari ile ya themanini na saba, akavunjika nyonga, ni kijana huyohuyo aliyempikia uji, akamchana nywele, akapiga magoti kila asubuhi kumfunga kamba za viatu. Binti yake Eseza mwenyewe, aliyekaa Hässelby, upande mwingine wa mji, alikuwa akipiga simu Jumapili na kumjulia hali kwa Kiswidi.

Kwa hiyo Eseza alikuwa na shukrani iliyomjaa kifuani, haina pa kutokea. Tena alikuwa na hofu. Baba yake Damian, Mzee Kasiani, alifariki mwaka uliotangulia, na kijana hakuweza kwenda kuzika. Simu ya msiba ilipokuja alisema “Sawa,” akavaa koti, akaenda kazini. Tangu siku hiyo hakudondosha chozi, na aliyempa pole alikatizwa kwa ukali hata akajuta. Eseza, aliyewaacha wapendwa wengi makaburini Uganda, alimwona jinsi alivyokuwa akikauka, akaogopa kwamba atampoteza hivihivi akimtazama.

Asubuhi hiyo alibisha hodi Achola, kijana aliyemzoea Eseza kama shangazi yake, aliyekuwa amerudi jana yake kutoka Dar es Salaam. Alikuwa na haraka ya kuwahi treni ya Upplands Väsby, hata kofia hakuvua.

“Huu wa Damian,” alisema, akampa mfuko wa kitambaa ulioshonwa mdomo. “Mama yake amenifuata mpaka uwanja wa ndege. Kaniambia nisiutie kwenye begi, niushike mkononi njia nzima. Nimefika vidole vimekufa ganzi, shangazi!”

Eseza aliubonyeza mfuko, akasikia mbegu. Akatabasamu. Akaufumua mshono kwa kisu.

Zilikuwa mbegu za mviringo, kubwa kama gololi, za kijivu kama majivu ya kuni, zinang'aa. Mtoto yeyote wa Tanga, Lamu au Unguja angemwambia kwamba hizo ni komwe, mbegu za mkomwe, na kwamba hazipikwi, huchezewa bao. Lakini Eseza alikulia Masaka, mbali na bahari, na bao la kwao, mweso, huchezwa kwa mbegu nyeusi za mti mwingine kabisa. Kwao, tena, mama akikutumia mbegu katika mfuko, amekuambia neno moja tu: kula, mwanangu.

Akaosha sufuria. Akazibandika.

Jirani yake Muthoni alipopita kumjulia hali, mbegu zilikuwa zimechemka kwa muda mrefu, na bado ziligonga kuta za sufuria kama kokoto.

“Dada Eseza, hii maharagwe imetoka wapi? Imekataa kuiva kabisa!”

“Ya pwani hayo. Labda yamezoea maji ya chumvi.”

“Hayo hayataki chumvi, yanataka nyundo.”

Wakacheka mpaka Eseza akashika nyonga.

“Kwetu tungetia magadi,” alisema Muthoni.

“Hata kwetu. Lakini magadi ya kupata wapi huku?”

“Ngoja.” Muthoni akatoka, akarudi na mkebe wa bikarbonat, ile ya keki. “Hii ndiyo magadi ya Wazungu. Mwaga, usiogope.”

Povu likapanda. Baada ya kitambo ikasikika *ta!*, kisha nyingine, *ta!* Mbegu mbili tatu zilikuwa zimepasuka ganda.

“Yamekubali!” Eseza alipiga makofi. Muthoni akaondoka kwenda kazini akijisifu, naye Eseza akakaanga kitunguu, akafungua mkebe wa tui la nazi, akamimina vyote ndani.

Damian aliporudi alisimama mlangoni na theluji mabegani, akavuta pumzi.

“Mama, leo humu ndani kunanukia kwetu.”

“Keti. Mama yako amekutumia chakula. Achola amekileta.”

Damian akafunua sufuria. Akachota kwa upawa, akatazama. Akaitoa mbegu moja, akaifuta kwenye shati lake, akaigeuzageuza ikimuunguza vidole.

“Hizi ni komwe za baba,” alisema.

“Ni nini?”

“Kete zake za bao! Amezichezea tangu kabla sijazaliwa! Unaona zinavyong'aa? Ni mikono yake hiyo!” Sauti ilikuwa imepanda, vyombo vinalia rafuni. “Nani alikuambia ufungue? Ulishindwa kuuliza? Wewe si mama yangu!”

Neno hilo likatua katikati ya jikoni. Eseza akashika ukingo wa meza. Alitaka kusema kwamba hakujua, lakini hilo halikuwa na msaada kwa yeyote.

“Ni kweli,” alisema taratibu. “Ulikuwa mzigo wako, nami nimeufungua.”

Akazima jiko. Akazimwaga komwe katika chujio, akafungua bomba, akaanza kuzisugua moja moja kwa kidole gumba, akitoa kitunguu na mafuta, akizikausha kwa kitenge alichojifunga. Mguu ulimtetemeka, lakini hakuacha. Nyuma yake alimsikia Damian akihema, kisha akasikia kiti kikiburutwa.

“Kaa,” Damian alisema, bado amenuna. “Daktari amekukataza kusimama hivyo.”

Akamketisha. Akavuta kiti kingine, akaketi kando yake, akachukua ncha ya pili ya kitenge.

Wakakausha pamoja. Kisha Damian akaanza kuzungumza, macho yakiwa kwenye komwe. Kwamba mkomwe hupanda juu ya miti mingine kando ya bahari, una miiba kama ndoana hata kwenye maganda ya mbegu zake. Kwamba babake alikwenda kuzichuma akiwa kijana, akarudi kanzu imechanika na mikono ina damu, nyumba nzima ikamcheka. Kwamba wao watoto walikuwa wakisugua komwe sakafuni mpaka iwe ya moto, kisha wakambandika mwenzao shingoni na kukimbia. Na kwamba bibi yake alichemsha mizizi ya mkomwe kwa wenye homa, na tumbo likikuuma alikaanga kokwa, akaisaga, akakushika pua ukameza.

“Chungu?” Eseza aliuliza.

“Mama, usiseme.”

Akaokota moja ya zile zilizopasuka. Akaimenya ganda, akamega kipande cha kokwa nyeupe, akakitia mdomoni.

Uso ukamkunjamana. Eseza alidhani atatema. Hakutema. Mabega yakaanza kumtikisika, akajaribu kuyazuia, akashindwa, akaegemeza kichwa mezani, akalia. Alilia kwa sauti, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta turubai limefungwa uani na watu wamejaa. “Baba,” alisema. “Baba, baba.”

Eseza aliweka mkono mgongoni mwake, asimnyamazishe.

Alipoweza kusema tena, alijifuta kwa kitenge kilekile. “Nisamehe neno lile, mama. Na asante.”

“Asante ya nini? Nimekuharibia.”

“Zimepasuka chache tu. Ningezipokea mimi, ningezifungia kabatini pamoja na mfuko wake, nisiziguse. Najijua.”

Eseza akaivuta simu, akamtafuta Muthoni kazini kwake.

“Muthoni, ukitoka pitia huku. Njoo na majani ya chai na sukari. Waambie na wengine. Tuna msiba.”

“Ai! Nani amekufa?”

“Baba yake Damian.”

“Dada, si alikufa mwaka jana?”

“Msiba umefika leo,” alisema Eseza, akakata simu. Akamwagiza Damian asogeze sofa ukutani na kuleta godoro, walitandike sakafuni, maana watu watakuja.